Kirusi hakili ini. Basi ni nani anayelila?

Mpwa wangu alikwenda kuchangia damu hapa Moshi kwa sababu wenzake walikuwa wanakwenda, na ukimaliza kuchangia unapewa soda. Wiki chache baadaye akapigiwa simu aende kuonana na mshauri. Damu yake haikufaa: kipimo cha HBsAg kimesoma chanya, ana virusi vya homa ya ini B. Kijana aliyezaliwa 1999, anacheza mpira kila Jumamosi, hajawahi kulazwa hata siku moja. Alipofika kwangu Pasua alinisalimia shikamoo kwa sauti ya mtu anayetoka msibani, akakaa, akatoa swali alilokuwa amelibeba siku tatu: "Mjomba, Ukimwi nimepima, sina. Kinga yangu iko sawa. Sasa mbona haikitoi hiki kirusi?"

Kwenye begi alikuwa na chupa mbili za maji ya kahawia. Mtu mmoja mjini alimuuzia kama dawa ya kuongeza kinga.

Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, na ukilijibu vizuri zile chupa zinakosa kazi. Nafundisha baiolojia sekondari, na kila mwaka nachora ubaoni picha ileile: kirusi ni adui, chembe nyeupe za damu ni askari, askari wakiwa wengi adui anakimbia. Kwa mafua picha hiyo inatosha. Kwa homa ya ini B inapotosha, kwa sababu kirusi hiki peke yake hakiui seli ya ini. Kinaweza kukaa ndani yake miaka na miaka, nayo ikaendelea kutengeneza nyongo, kuhifadhi sukari na kusafisha damu kana kwamba hakuna mgeni. Ini likianza kuharibika, anayeliharibu ni askari wetu wenyewe.

Niondoe kwanza mkanganyiko wa jina, maana mtaani umewachanganya wengi. Homa ya ini si homa ya manjano. Homa ya manjano inaletwa na kirusi kingine kabisa, kinachobebwa na mbu, na ile kadi ya njano anayoulizwa msafiri uwanja wa ndege ni ya chanjo yake. Macho kuwa ya njano ni dalili tu kwamba rangi ya nyongo imezidi kwenye damu, na chanzo chaweza kuwa kirusi, pombe, jiwe kwenye mfuko wa nyongo, hata malaria kali. Wenye homa ya ini B sugu walio wengi macho yao ni meupe kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na virusi hivi, na waliokuwa wamepimwa na kujulikana walikuwa asilimia 13 tu. Waliobaki wako mashambani, sokoni, kwenye viwanja vya mpira, na hawana habari.

Mgeni asiyebisha hodi

Seli za ini zina vilango vya kurudisha chumvi za nyongo kutoka kwenye damu ili zitumike tena. Mwaka 2012 watafiti wa Beijing walionyesha kwamba kirusi cha homa ya ini B huingilia mlango huohuo. Ndiyo sababu kinalenga ini na si mapafu: huko mapafuni hakuna mlango wake.

Kikishaingia kinakwenda hadi kwenye kiini cha seli, na hapo kinaacha kitu ambacho ndicho mzizi wa taabu yote. Umewahi kwenda steshenari kutoa fotokopi ya cheti, ukaondoka na nakala ukasahau cheti chenyewe chini ya kioo cha mashine? Yeyote atakayebonyeza kitufe baada yako atatoa nakala ya cheti chako. Kirusi hiki kina DNA ndogo mno, jozi za herufi zipatazo 3,200, wakati sisi tuna bilioni 3. Ndani ya kiini cha seli DNA hiyo hufungwa ikawa duara imara. Duara hilo ndilo cheti kilichosahauliwa. Seli ya ini inatoa nakala zake ikidhani ni kazi za ofisi.

Kwa kawaida seli iliyovamiwa hupiga yowe. Kirusi cha mafua kikiingia puani leo, keshokutwa una homa na viungo vinauma, na sehemu kubwa ya maumivu hayo inatokana na intaferoni na kemikali nyingine ambazo seli zinarusha kuwaambia majirani wafunge milango. Homa ya ini B haina yowe hilo. Kirusi kinanakili vinasaba vyake kikiwa kimejifungia ndani ya ganda lake, na majaribio yaliyofanywa kwa sokwemtu yalionyesha kwamba katika wiki za mwanzo, wakati virusi vinaenea ini zima, jeni za tahadhari kwenye ini zilikuwa zimetulia tu.

Zogo linakuja baadaye, wiki kadhaa, hata miezi mitatu, na wanaolileta ni seli T, kikosi kimoja cha zile chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni ukaguzi. Karibu kila seli ya mwili huweka nje vipande vya protini inazotengeneza ndani, kama Mangi anavyopanga sampuli za mchele kwenye vibakuli mbele ya duka. Seli T inapita ikichungulia kila kibakuli. Ikikuta punje ngeni, inaitoboa seli ile na kuiamuru ife.

Ushahidi kwamba mharibifu ni kinga ulipatikana kwa panya. Maabara ya Francis Chisari huko California ilikuwa na panya waliopandikizwa jeni za kirusi, kiasi kwamba seli za maini yao zilitengeneza protini za kirusi tangu mwanzo. Walikula, walikimbia, hawakuumwa. Wakachomwa seli T zinazozitambua protini hizo, na hapo ndipo homa ya ini ikaanza.

Maabara hiyohiyo, mwaka 1996, ilieleza jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika habari hii. Seli T hazikuhitaji kuua kila seli yenye virusi. Ziliua chache. Zilizobaki zilisafishwa zikiwa hai: seli T zilimwaga intaferoni gama na kemikali iitwayo TNF, na seli za ini zikaacha kutengeneza virusi kama mafundi walioambiwa wateremke kwenye jengo. Mtu mzima aliyeambukizwa jana anaponea hapo. Ini lake linaweza kuwa limejaa virusi karibu kote, na bado akabaki na ini. Zaidi ya asilimia 95 ya watu wazima wenye afya hukishinda kirusi hiki, wengine wakipita kwenye macho ya njano na kichefuchefu, wengine wakidhani ni uchovu wa kazi. Ile njano, kwa hiyo, inaonekana siku ambazo kinga imeshika kazi. Wakati kirusi kinajitanua peke yake, mtu hahisi kitu.

Aliyezaliwa kabla ya 2002

Mpwa wangu hakukipata ukubwani. Dada yangu alipokubali kupimwa, baada ya mabishano ya siku mbili, naye alikutwa nacho. Binti yake mdogo, aliyezaliwa 2006, hana. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto wa Tanzania mwaka 2002. Kaka alitangulia, dada akaikuta. Na binti huyo alikuwa na bahati nyingine juu ya hiyo, kwamba hakuambukizwa saa ileile ya kuzaliwa, maana chanjo ile ilianza wiki kadhaa baada ya uzazi.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua karibu kila kitu. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kirusi kubaki naye maisha yote ni kama asilimia 90. Akiambukizwa kati ya mwaka mmoja na mitano, ni kama asilimia 30. Mtu mzima, chini ya asilimia 5.

Mtu atasema haraka: kinga ya mtoto ni dhaifu. Lakini mtoto huyohuyo ukimchoma chanjo anatengeneza kingamwili safi kabisa. Tatizo si nguvu. Kinga changa iko darasani, inajifunza nani wa nyumbani na nani mgeni, na kirusi kimeingia wakati majina yanaandikishwa. Kinatoa protini moja ndogo, antijeni e, ambayo haitumiki kujenga kirusi chochote. Inaelea tu kwenye damu, na inaweza kuvuka kondo la nyuma kutoka kwa mama. Watafiti wengi wanaiona kazi yake kuwa ni hiyo moja, kuizoesha kinga sura ya kirusi.

Halafu kuna ini lenyewe. Robo tatu hivi ya damu inayoingia kwenye ini imepitia kwanza kwenye utumbo, ikabeba chakula, mabaki ya bakteria na kila tulichomeza. Watu wa mlimani wanaujua mfereji. Maji yanashuka kutoka msituni na majani, tope, na wakati mwingine vitu visivyotajika, na mwenye kihamba cha kwanza, yaani shamba la kwanza mferejini, akisema apige yowe kwa kila jani hatalala. Ini ni kihamba cha kwanza. Limejifunza kutazama mengi na kukaa kimya. Mwaka 1969 daktari wa upasuaji Mwingereza, Roy Calne, alieleza kwamba nguruwe waliopandikizwa ini la nguruwe wengine waliweza kulipokea bila dawa za kushusha kinga, jambo ambalo figo haikuruhusiwa. Kirusi chetu, kwa maneno mengine, kimekaa kwenye kiungo chenye uvumilivu kuliko vyote, na kimeingia katika umri wenye uvumilivu kuliko wote.

Noah nyeupe

Ile HBsAg iliyomkamata mpwa wangu ni protini ya ganda la nje la kirusi. Baruch Blumberg, Mmarekani, aliikuta miaka ya 1960 kwenye damu ya mzawa wa asili wa Australia, wakaiita antijeni ya Australia kabla ya kujua ni ya nini; mwaka 1976 akapewa tuzo ya Nobel. Ajabu yake ni wingi. Kila kirusi kamili kinachotoka kwenye seli ya ini kinasindikizwa na maelfu ya maganda matupu, ganda peke yake, ndani hakuna DNA. Hayaambukizi mtu. Yanafanya nini basi?

Chukua askari wa usalama barabarani kati ya Moshi na Arusha, aliyeambiwa kuna Noah nyeupe imebeba magendo. Anasimamisha ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Zinakuja mia, elfu, rangi ileile, zote tupu, mchana na usiku. Kingamwili ziko kwenye hali hiyo: zinang'ang'ania maganda matupu hadi zinaisha, na kirusi kamili kinapita kwenye msafara.

Seli T zinapata shida ya namna nyingine. Seli T iliumbwa kwa kazi fupi: amka, pigana wiki mbili, punguza idadi, wachache wabaki kama kumbukumbu. Ikikutana na kipande kilekile kila siku kwa miaka, inabadilika tabia, na inabadilika kwa mpangilio. Inaanza kupoteza uwezo wa kutoa kemikali ya kuzaliana, IL-2. Baadaye TNF inapotea. Mwisho kabisa inapotea intaferoni gama. Wakati huohuo inaota breki kwenye ngozi yake. Maarufu zaidi inaitwa PD-1, iliyogunduliwa na Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto mwaka 1992. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukiiziba breki hiyo kwa panya wenye maambukizi sugu, seli zilizonyamaza zinarudi kazini. Honjo alipata Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison, kwa kuwa breki za aina hiyo zimekuja kutumika kutibu saratani.

Wataalamu wanaiita hali hii kuchoka kwa seli T. Nalikubali neno hilo shingo upande. Mtu aliyechoka akilala usiku mmoja anaamka na nguvu. Seli hizi hata zikipumzishwa hazirudi zilivyokuwa, kwa sababu namna DNA yao inavyofungwa na kufunguliwa imeshabadilika; ukiachia breki zinachangamka kwa muda kisha zinarudi palepale. Na zile zilizokuwa kali kuliko zote nyingi zimekwishakufa njiani.

Mwili unajiwekeaje breki ambayo inamlinda adui? Piga hesabu ya yule mtoto. Virusi vimeenea karibu kila seli ya ini. Ukaguzi wa vibakuli ukifanywa bila huruma, kila duka litavunjwa, na mtoto atabaki bila ini kabla mwezi haujaisha. Breki ndiyo imemfikisha mpwa wangu uwanjani kila Jumamosi. Kwa hiyo nilimjibu hivi: kinga yako ni nzima, na imekiona kirusi vizuri sana. Imeamua kutokuchomea nyumba.

Moto unaowashwa nusunusu

Uamuzi huo haudumu milele, na hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Mtu aliyeambukizwa utotoni anaweza kupita miaka 20 au 30 akiwa na virusi vingi kupita kiasi kwenye damu na ini lisilo na moto wowote. Kisha, mara nyingi ujanani au katika umri wa kati, kinga inajaribu tena. ALT inapanda.

ALT watu wanaiona kwenye karatasi ya majibu wakadhani inapima kirusi. Ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini, na seli ikipasuka kinamwagika kwenye damu. ALT inapima maiti. Ikiwa juu, seli T ziko kazini.

Jaribio hilo likifanikiwa, antijeni e inatoweka, kirusi kinashuka hadi kiasi kidogo na ini linatulia. Likifanikiwa nusu, inakuwa balaa: seli T zilizochoka haziwezi kumaliza kazi, lakini zina nguvu ya kutosha kuua seli kidogo kidogo na kuita chembe nyingine za kinga ambazo hata hazikitambui kirusi, zinakuja tu kwa sababu kuna vurugu. Moto unawashwa, unazimwa, unawashwa. Kila unapozimwa linabaki kovu. Makovu yakiungana ini linakuwa gumu, damu ya utumbo inakosa njia, tumbo linajaa maji. Saratani ya ini nayo inaota kwenye shamba hilo la kuua na kuotesha upya, ingawa homa ya ini B ina ubaya wa pekee: inaweza kuleta saratani hata ini lisipokuwa na kovu, kwa kuwa vipande vya DNA yake hujipachika ndani ya DNA ya seli. Mahindi yenye ukungu wa sumukuvu yakiingia juu yake, hatari inazidi mara nyingi.

Mpwa wangu vipimo vyake vilitoka vizuri. ALT ya kawaida, antijeni e haipo, wingi wa virusi chini ya 2,000 kwa mililita, altrasaundi safi. Daktari akamwambia hahitaji dawa kwa sasa, arudi kila baada ya miezi sita. Alitoka pale amekasirika. Una kirusi, unaambiwa nenda nyumbani? Nilimweleza kwamba yuko kwenye kipindi cha utulivu, na kipindi hicho kinaweza kudumu maisha yote au kikavunjika, hasa pale kirusi kinapogeuka kidogo kikaacha kutengeneza antijeni e na kuanza kuzaliana upya. Dalili hazitamwambia. Kipimo ndicho kitakachomwambia.

Chupa mbili

Sasa tuseme yale maji ya kahawia yanaongeza kinga kweli. Yataongeza kinga ipi? Ukizidisha ukali wa ukaguzi kwenye ini lenye virusi, unachozidisha ni maiti. Dawa halisi ya kuchangamsha kinga ipo tangu zamani: intaferoni, ya sindano, kozi ya wiki 48 kwa toleo lake la kisasa. Inaleta homa kama ya mafua, inaweza kuangusha mtu kwenye sonona, inawafaa wachache tu, na mwenye ini lililoshaharibika sana hapewi kabisa, kwa sababu ule moto unaweza kummaliza. Hiyo ni dawa inayojulikana kipimo chake hadi mikrogramu. Ya kwenye chupa isiyo na lebo inapita kwenye ini hilohilo ili ivunjwevunjwe, na ini halikuulizwa.

Kinyume chake nacho kina hatari, na hiki hata wauguzi wengine hukisahau. Mgonjwa mwenye kirusi kilichotulia anapewa dawa za saratani, au predinisoloni kwa wiki nyingi kwa ugonjwa mwingine. Kinga inalazwa. Kirusi kinapata nafasi, cheti kiko chini ya kioo, nakala zinamwagika. Dawa zinasimama, kinga inaamka, na kila kibakuli kina punje ngeni. Mtu anaweza kufa kwa ini wakati saratani yake imeshapona. Kwa hiyo anayeanza matibabu ya saratani, iwe hapa hospitali ya KCMC au kwingineko, ana haki ya kuuliza kama amepimwa HBsAg.

Tenofovir, dawa inayotumika zaidi, haigusi kinga moja kwa moja. Inakwamisha mashine ya fotokopi: inazuia kirusi kutengeneza DNA mpya. Virusi vinapungua kwenye damu, vurugu inapungua, moto unashuka, na kwa miaka hata makovu yanaweza kulainika. Cheti hakiguswi. Ukiacha vidonge kienyeji, mashine inawaka, na kinga iliyokuwa imepumzika inaweza kurudi kwa hasira. Wenye VVU wanaotumia TLD wamebeba tenofovir na lamivudini ndani ya kidonge chao, kwa hiyo homa ya ini B inatibiwa humohumo bila wengine kujua. Wakiruka dawa, wanaruka mbili.

Kuna wanaokishinda bila dawa hata ukubwani. HBsAg inatoweka yenyewe kwa takriban mtu mmoja kati ya 100 kila mwaka. Hata hao cheti kinabaki mahali fulani ndani ya ini, ila sasa kinalindwa na kinga iliyorudi kazini.

Homa ya ini C ni ndugu wa jina tu. Kirusi chake ni cha RNA, kinaikimbia kinga kwa kubadili sura kila mara, na hakiachi cheti ndani ya kiini cha seli. Kwa hiyo vidonge vya wiki 8 hadi 12 vinakimaliza kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Chanjo yake haipo, na aliyepona anaweza kuambukizwa upya.

Jambo moja la nyumbani. Mwezi uliopita tulikuwa na sherehe Kibosho, na kata ya mbege ilizunguka kama kawaida. Ilipomkaribia mpwa wangu, mzee mmoja aliyesikia habari akaipitisha juu ya kichwa chake. Kirusi hiki hupita kwa damu, kwa kujamiiana, kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa wembe au sindano ya pamoja, na kwenye damu iliyokauka kinaweza kuishi siku saba. Hakipiti kwa kata wala sahani wala kupeana mkono. Lakini pombe inaongeza kovu juu ya kovu, na daktari alikuwa ameshamkataza. Kata ilimruka kwa sababu mbaya, ikamfaa kwa sababu nyingine. Hakuona kichekesho chake. Mimi nilikiona nikiwa njiani kushuka.

Kilichombadilisha uso ni mchumba wake. Binti alipima, hana kirusi wala kinga, akaanza chanjo: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Kijana akaniuliza kwenye ile sindano kuna nini. Nikamwambia ni HBsAg. Akadhani namtania. Ni protini ileile iliyoko kwenye damu yake, ila imetengenezwa na hamira maabarani, bila DNA ya kirusi. Kwake imefurika mchana na usiku tangu utotoni, ndani ya ini linalozoea kila kitu, na kinga ikafunga macho. Kwa mchumba inaingia kidogo, begani, pamoja na kemikali ya kupiga yowe ambalo kirusi hakilipigi, na kinga inaamka ikiandika jina. Akiingiliwa na kirusi baadaye, kingamwili zitakikamata kwenye damu kabla hakijaufikia mlango wa nyongo.

"Na mtoto je?" Mama akiwa na kinga, mtoto hana wa kumwambukiza saa ya kuzaliwa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24, kabla kinga yake haijamaliza kuandikisha majina, na kwa mama mwenye kirusi, kama dada yangu, tenofovir wakati wa ujauzito kama virusi ni vingi.

Akaondoka na tarehe ya dozi ya pili ameiandika kwenye simu. Chupa aliniachia. Ziko juu ya kabati la jikoni hadi leo, kwa sababu mke wangu amekataa nizimwage kwenye migomba.